Bonde Moja, Mabango Manne

Mpanda, Septemba 1996

Mpendwa Mama Agatha, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana najua ukurasa wako gazetini ni wa mambo ya ndoa na wapenzi na jambo langu limeanzia ofisini, lakini limeshaingia chumbani, mke wangu Scola sasa analala kaelekea ukutani, kwa hiyo naona na mimi nina haki ya kusomwa.

Mimi ni mratibu wa mradi wa kurudisha uoto wa asili huku Mpanda, mradi una vitengo vinne, Misitu, Mifugo, Kilimo na Maji, kila kitengo kina mkuu wake, bajeti yake na Landrova yake, na kazi yangu, kama barua ya ajira inavyosema, ni kuoanisha mipango na bajeti ili vitengo visigongane. Mungu ni shahidi nilijaribu, niliitisha kikao cha kuoanisha, tukachinja mbuzi, wote wakasema kuoanisha ni jambo jema sana, ila kila mkuu alipoambiwa aweke bajeti yake mezani ichanganywe na za wenzake alidai ya kwake haichanganyiki, kwa sababu kila mmoja aliogopa kwamba wakichanganya yeye ndiye atakayebaki bila gari, nikaitisha kikao cha pili kujadili kwa nini cha kwanza hakikuoanisha, tukachinja mbuzi mwingine.

Mwisho wake kila kitengo kikaenda kivyake kutafuta bonde lililoharibika, na hapa Mama ndipo naomba unielewe, maana wilaya yetu ni pana, ukienda Kasansa kule Mpimbwe mto umekula kingo zake mpaka mashamba ya mpunga yanadondokea majini na wenyeji walishaandika kuomba tufike, lakini Kasansa barabara ni mbaya na ni lazima ulale hukohuko, wakati nyuma ya Mwamkulu kuna bonde ambalo unatoka mjini asubuhi, mchana umesharudi unakula kwako, na posho ya kulala nje unasaini vilevile. Basi vitengo vyote vinne vikalipenda bonde hilohilo. Misitu wakapanda miche wakaweka bango, Mifugo wakaja wakang'oa miche wapate nafasi ya kuotesha majani ya malisho wakaweka bango, Kilimo wakachimba makinga maji katikati ya majani wakaweka bango, halafu wakaja Maji wakatangaza kwamba hapo ni chanzo cha maji, hairuhusiwi kulima, kuchunga wala kupanda chochote, wakaweka bango kubwa kuliko yote. Ukisimama pale leo utaona vumbi, mashimo, na mabango manne yaliyopakwa rangi vizuri.

Wafadhili walipotaka taarifa, kila mkuu aliniletea ya kwake, ekari mia moja zimerudishiwa uoto, na mimi nikajumlisha, zikawa mia nne. Mama, hesabu ilikuwa sahihi, tatizo ni kwamba bonde lilikuwa lilelile. Nilimweleza mkurugenzi wetu, Bwana Leodgar, akasema mratibu mzuri ni yule ambaye taarifa yake haina malalamiko, na kweli haikuwa na malalamiko, wafadhili walifurahi wakaandika kwamba wanakuja mwezi ujao kuona ekari zote mia nne, na wakiridhika watatoa fedha za awamu ya pili kwa ajili ya kupima eneo lote, kusimika vigingi na kupiga marufuku kulima na kuchunga ndani yake.

Nikamwendea tena Bwana Leodgar nikamwambia, "Mkurugenzi, bonde ni moja."

Akanijibu, "Barabara ni nne."

Mpango wake ndio huu. Siku ya kwanza wageni wapelekwe kwa njia ya Mwamkulu waone bango la Misitu, warudi mjini wale, jioni wapelekwe kwa kuzungukia upande wa pili waone la Mifugo, kesho yake wapitishwe njia ya Sitalike kisha wakatishe porini, na ile ya mwisho bado tunaitafuta, na kila wanapofika, mabango mengine matatu yafunikwe na maturubai kama mizigo ya mahindi.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Mwandu, aliyehamia Mwamkulu na ng'ombe wake akitokea upande wa Maswa, malisho yake yanapakana na bonde hilo. Kila kitengo kilipotaka mwenyekiti wa kamati ya kijiji kilimchagua yeye, kwa sababu yeye pekee ndiye anayehudhuria vikao vyote, na kila kitengo kikampa fulana na kofia, Mama ungemwona, siku hizi hata zizini anaingia na kofia ya mradi, na mimi haniiti mkwe tena, ananiita "mratibu mwenzangu." Wageni wakija, amepangiwa asimame kila mahali kama mwenyekiti wa mahali hapo, abadilishie fulana nyuma ya kichaka, atoe shukrani, na ameshaanza mazoezi, juzi alinishika mkono akaniambia, "Mratibu mwenzangu, nyie wa ofisini msiwe na wasiwasi, mimi nitashukuru mpaka wachoke wao."

Asichokijua ni kwamba zile ekari mia tatu zinazopungua Bwana Leodgar ameshazipata. Anasema ardhi haikosekani, ni kusogeza vigingi tu, na akisogeza vigingi anameza malisho yote ya Mzee Mwandu na mashamba ya mpunga ya majirani zake, nao watatakiwa kuhama kabla ya mvua. Kwa maneno mengine Mama, mzee wa watu atashukuru mara nne kwa kufukuzwa.

Scola alijua kwa sababu aliniuliza swali moja tu wakati ananipakulia ugali, "Hayo mabonde mengine matatu yako kwa nani?" nikamweleza yote mpaka habari ya vigingi, akaweka mwiko chini akasema, "Siku baba akihama, mimi na mtoto tunahama naye." Tangu hapo ni ukuta.

Wapo ofisini wanaonishauri niandike kwamba ekari mia tatu ziliungua na moto kichaa, lakini Bwana Leodgar anasema moto una bajeti yake na itabidi tuanzishe kitengo cha tano. Nikisema ukweli nafukuzwa kazi na mradi unafungwa, nikinyamaza mkwe wangu anakosa pa kuchungia na mimi nakosa mke. Nifanyeje Mama? Naomba usitaje jina langu.

Mratibu,
Mpanda, Mkoa wa Rukwa.

*

Mratibu,

Pole. Nasema pole ya kweli, maana mwanaume anayegeuziwa mgongo kila siku na mke anayempenda anaumia, na barua yako inaonyesha unampenda. Sasa kaa sawasawa nikuseme.

Katika ukurasa huu nimewajibu wanaume wengi waliozaa nje wakaficha mtoto. Wewe ni wa kwanza uliyezaa mabonde matatu yasiyokuwepo na sasa unatafuta pa kuyalaza. Halafu unanieleza kwamba hesabu ilikuwa sahihi! Mimi nina jogoo mmoja hapa nyumbani. Nikimhesabu asubuhi, nikamhesabu mchana, nikamhesabu tena anapoingia bandani, wageni watatu wakija bado nitachinja jogoo mmoja. Hilo halihitaji cheti cha mipango, na wewe unacho.

Umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Bila shaka umekaa, Mtanzania gani hajakaa. Kule kuna watu wa chakula, watu wa vinywaji, watu wa mapambo na watu wa usafiri, na wote wanagombana kama nyie. Lakini harusi inafanyika, kwa sababu mfuko ni mmoja, mweka hazina ni mmoja, na kila mtu anamjua bibi harusi ni nani. Sijawahi kuona watu wa vinywaji wakimwaga pilau la wenzao wapate nafasi ya kuweka kreti. Nyie mmefanya hivyo, na mratibu ulikuwepo. Ulikuwa unakula mbuzi.

Na mbuzi hao sijawasamehe. Wakati mnawala, mto wa Kasansa ulikuwa unakula mpunga wa watu walioandika kuomba msaada kwa heshima zote. Bonde lenu hamkulichagua kwa sababu linaumwa kuliko mengine. Mlilichagua kwa sababu liko karibu na sahani zenu, na posho ya kulala nje mnaipokea mkiwa mmelala kwa wake zenu. Ni haki kabisa kwamba sasa mmoja wenu amegeuziwa ukuta.

Mkweo naye simwonei huruma yote. Mtu mzima anapewa uenyekiti wa kamati nne za bonde moja, kila moja na fulana yake, na haulizi kulikoni! Kofia zimempendeza mno. Lakini kosa la Mzee Mwandu ni kupenda kuitwa mwenyekiti, na adhabu mnayomwandalia ni kumnyang'anya malisho. Hivyo vitu viwili havilingani hata kidogo, na unalijua hilo, ndiyo maana umeandika. Hapo tu ndipo ninapokuheshimu.

Unadhani una mambo mawili ya kuchagua, kazi au mke. Umekosea hata hapo kwenye hesabu. Kazi hiyo imeshakwisha. Mgeni akipelekwa mara nne kwenye bonde moja, hata akiwa amelala garini, safari ya tatu atayatambua mashimo. Na atakapouliza aliyejumlisha ni nani, Bwana Leodgar atanyoosha kidole kwako kabla swali halijaisha. Saini ni yako. Kwa hiyo usiniambie unalinda mradi. Unachelewesha aibu tu, na kila siku unayoichelewesha inamsogeza mzee wa watu karibu na kuhamishwa.

Huo moto wa kwenye karatasi usiuwashe. Nchi hii ina moto wa kweli wa kutosha.

Kaa leo hii uwaandikie wafadhili taarifa ya marekebisho: bonde ni moja, ekari ni mia moja, vitengo vinne vimefanya kazi palepale na kuharibiana. Weka saini, nakala mpe mkurugenzi wako, usimwombe ruhusa. Waambie waziwazi kwamba nje ya ekari hizo mia moja kuna mifugo na mpunga wa watu, na kwamba kigingi kikisogezwa hata hatua moja kitakuwa kimesogezwa juu ya watu hao. Wafadhili nao wapewe swali la kujibu: kwa nini walitoa bajeti nne na mratibu mmoja asiye na mamlaka juu ya hata moja? Kichekesho hiki hamkukitunga peke yenu.

Wakija, wapeleke kwa njia moja, mara moja, mabango yote yakiwa wazi. Mabango matatu muyang'oe baadaye, mbao zake zitatosha mlango wa choo cha shule. Kisha, kama bado una kiti, wafungie hao wakuu wanne chumbani bila mbuzi. Waanze na bonde ndipo waje kwenye fedha: linahitaji nini kwanza, nini pili, nani afanye. Kwa akili yangu ya nyumbani makinga maji hutangulia, miche hufuata mvua ikishashika, na njia ya ng'ombe kwenda majini hupangwa pamoja na wenye ng'ombe. Fedha itakayobaki iende Kasansa. Atakayelala Kasansa kwelikweli, mbu wakamjua, posho yake mimi simwonei wivu.

Lakini ukishaandika, kabla ya mengine yote kuna nyumba moja ya kwenda. Ulipokwenda kumposa Scola hukwenda peke yako, ulikwenda na mshenga. Mchukue mshenga huyohuyo. Usiende na Landrova. Ukifika, kaa chini kama mkwe, acha uratibu mlangoni, umwambie mzee mbele ya watu wake kwamba mabonde mengine matatu hayapo, kwamba wewe ndiye uliyeyajumlisha, na kwamba malisho yake ndiyo yanayotakiwa kuziba pengo. Atakutukana. Huenda akakuvulia fulana zote nne akakurushia usoni. Nyamaza, usijitetee kwa habari za vitengo. Akimaliza, mwambie umeshawaandikia wafadhili, na umwonyeshe.

Najua unavyosoma hapa unasema nitakwenda, lakini si leo. Basi nikuambie jambo moja. Kwa kawaida barua za ukurasa huu huwa nabadilisha majina yote. Umeniomba nisitaje lako, sikulitaja. Mengine nimeyaacha kama ulivyoyaandika, kwa makusudi. Gazeti hili linashuka hapo stesheni na treni ya Tabora, na Mwamkulu hapakosi mtu wa kulisoma kwa sauti. Huwezi tena kuchagua kati ya kusema na kunyamaza. Unachoweza kuchagua ni kama Mzee Mwandu atayasikia haya kutoka kwako au kutoka kwangu. Wewe amekupa binti yake. Mimi hanijui.

Mama Agatha