Betri ya Pili Nyuma ya Kiti Chako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila salamu utauliza huko uliko nimelelewa na nani.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini kwangu hapa Same, mikono bado inanuka grisi. Gari lako lipo mbele yangu, uani. Nataka nikueleze nilichokifanya, nikuombe radhi kwa neno moja, na nikugombeze kidogo, maana kuna mahali ulikosea.

Unaikumbuka spika yako, ile uliyoifunga juu ya paa la gari? Kijiji chetu kizima cha Mamba kilikuwa hakizikani wala hakikutani bila sauti yako kupita kutangaza. Spika ile ilizimaliza betri zako moja baada ya nyingine, na wewe hukujali, kwa sababu kule mlimani hakuna hata mahali pa kuweka yai lisibingirike. Kila mara uliegesha pua ya gari ikitazama bondeni. Asubuhi unaachia breki, gari linateremka, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Mama alikusihi ufunge betri ya pili, moja iwe ya kuwashia gari na nyingine ya spika. Ulimjibu, "Nihangaike ya nini wakati Mungu ameniumbia mteremko?" Tulicheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, maana kati ya watoto wako sita ni mimi tu niliyependa kuingiza kichwa chini ya boneti. "Namkunda, kwaruza mpaka uone chuma," ulikuwa unaniambia tukifunga waya wa hasi kwenye bodi. "Rangi inadanganya." Leo mimi ni fundi umeme wa majumba, na bado nakwaruza.

Kisha nikaolewa huku chini, ambako hakuna mteremko.

Tusidanganyane, Baba. Mwanzoni hukutaka. Binti wa mzee wa kanisa kuolewa na Mwislamu, muuza nafaka wa mjini, jambo hilo lilikukaa kooni. Siku ya ndoa yangu ulituma ujumbe kwamba gari limegoma kuwaka. Gari! Na mteremko wote ule! Nililia mpaka wanja ukanichuruzika, na mume wangu Rashidi akasema, "Mwache mzee. Atakuja."

Ukaja kweli, kwa namna yako. Kila Jumatano uliposhuka na magunia ya tangawizi, ulisimama langoni kwetu ukapiga honi mara mbili, injini ikiendelea kunguruma. Nilitoka nikasimama juani, tukaongea kupitia dirishani. Ulinipa mkungu wa ndizi, ukaniuliza kama nakula vizuri, ukaondoka. Miaka mitano! Mwanaidi alipozaliwa nilikuwa namnyanyua nakupitishia dirishani, unampakata hapo kwenye usukani, unamchezesha honi, kisha unanirudishia. Siku moja ndala yake ya pinki ilidondokea humo ndani. Nilipokuuliza wiki iliyofuata, ulisema hujaiona. Mjukuu wako alikufahamu kuanzia kifuani kwenda juu tu. Kuna siku aliniuliza, "Mama, babu ana miguu?" Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikakaa peke yangu.

"Zima gari, Baba, uingie ule," nilikuwa nakuambia.

"Siwezi kuzima, mwanangu. Betri imechoka."

Rashidi naye akatoka siku moja. "Shikamoo, mzee. Wewe zima tu, tupo hapa, tutasukuma."

"Marahaba. Yaani nisukumwe langoni kwa mkwe wangu, majirani wakiangalia?"

Rashidi alikuelewa. Mimi nilisikia kisingizio. Niliamini kwamba hutaki kula kwenye sahani zetu, na kwamba injini ile ingenguruma hapo mpaka mwisho wa dunia ili mradi usikanyage uani kwangu.

Ndipo nikasema lile neno. Nilikuwa nimepika makande kama ya Mama, yamepoa mezani, na wewe uko dirishani na injini yako. Nikakuambia, "Baba, kama huwezi kuzima, basi usisimame."

Uliingiza gia taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, ukaondoka. Jumatano iliyofuata nilitoka mapema nikasubiri langoni. Ulipita, ukapiga honi mara mbili, hukusimama. Jumatano nyingine honi haikupita kabisa. Presha, walisema. Tulikuzika Jumamosi, na spika yako haikutangaza, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha.

Nikabaki na kitu hicho kifuani, Baba. Nilijua umekufa umenuna, na aliyekununisha ni mimi.

Baada ya maombolezo ndugu zangu wakakubaliana gari liuzwe. Wakanituma nikague nyaya kabla mnunuzi hajaja. Nikalivuta mbele kiti chako, na nyuma yake nikakuta kitako cha chuma kimechomelewa sakafuni, kipya, hakijapakwa hata rangi. Nikakipima kwa kiganja: upana wa betri moja. Waya mwekundu mnene kama kidole gumba ulitoka kwenye injini, ukapita kwenye tundu la ukuta wa chuma, ukaishia hapo kwenye kitako, ncha yake imefungwa kwa mfuko wa nailoni. Na pale kwenye tundu, ili makali ya chuma yasiule waya ukapiga shoti, ulikuwa umezungushia mpira. Mpira wa pinki.

Ndala ya watu, Baba! Mzee wa kanisa mzima.

Nilimfuata Mbonea, mchomeleaji wako pale Mamba. Akanionyesha betri mpya juu ya benchi lake, na relei, ile swichi ya betri mbili, pembeni. "Ilichelewa kufika. Nilikuwa nasubiri mzee airudie," akasema. "Alikuja Alhamisi, wiki mbili kabla hatujamzika, ana haraka. Kaniambia, nifungie betri ya pili, nataka kuzima gari Same. Nikamwuliza, mzee, Same si tambarare? Akasema, ndiyo maana."

Alhamisi. Neno langu nililisema Jumatano, siku moja kabla.

Kwa hiyo Jumatano ile uliyopita bila kusimama, hukuwa umenuna. Kitako kilikuwa tayari, betri bado, gari halijaweza kuzima, na mimi nilikuwa nimesema kama huwezi kuzima usisimame. Ulikuwa umetii. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la chuma la Mbonea nikalia, na yeye, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta spana.

Kazi nimeimalizia mwenyewe. Betri nimeifunga kwa mikanda ya chuma isirukeruke kwenye makorongo. Hasi nimeipeleka kwenye bodi, nikakwaruza mpaka nikaona chuma. Na hapa ndipo ulipokosea. Uliweka fyuzi upande wa mbele tu. Waya wenye betri kila upande unataka fyuzi kila upande, la sivyo ukikatika katikati ukagusa bodi, ule upande wa nyuma utawaka moto mgongoni kwako. Nimeongeza. Ungebisha, najua, na ningeshinda. Relei inaziunganisha betri mbili injini ikiwa inachaji, na ukizima inazitenganisha, ili spika inywe ya kwake na ya stata isiguswe.

Nilipojaribu nilizima injini, relei ikalia tik, nikawasha spika yako kwa saa nzima. Kumbe niliwatisha watu. Akina mama walitoka majumbani wamejitanda khanga, wakaniuliza nani amefariki. Ilibidi niseme kwa spika, mlima mzima usikie, kwamba hakuna aliyekufa, napima betri. Kisha nikageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja, bila mteremko.

Nikateremka nalo mpaka hapa. Nilipofika langoni nilipiga honi mara mbili, mkono ulifanya wenyewe, halafu nikaingia moja kwa moja hadi uani nikazima. Sijawahi kulisikia gari lako likiwa kimya hapa kwetu. Mwanaidi alitoka mbio, akaja chini ya dirisha lako, akanyoosha mikono juu anyanyuliwe.

Nikamfungulia mlango. Alisimama pale akiutazama, kisha akapanda, akachungulia chini ya usukani, mahali pa miguu, akaniangalia mimi, akachungulia tena.

Nisamehe, Baba. Nilidhani unatafuta sababu ya kutoingia, kumbe ulikuwa unatafuta namna ya kuingia. Gari haliuzwi. Ndugu zangu watanuna, watazoea.

Rashidi anaita, makande yako tayari. Naacha hapa niingie. Pumzika salama.

Binti yako,
Namkunda