Pipa la Mwisho la Mama Castory wa Soga

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipoketi kwenye ngazi ya nyuma hapa Soga, viatu vya shamba bado viko miguuni, ukasema unapumzika kidogo, na hukuinuka tena. Daktari alituambia ni moyo. Tulimtazama kama mtu aliyekosea nyumba, kwa sababu kama kulikuwa na kiungo chako ambacho hatukuwahi kukitilia shaka, ni hicho.

Mimi Stellamaris ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote. Kaka yangu Castory amesema yeye aachiwe mapipa.

Wasiokufahamu na wajue kwamba jina lako ni Elinipa Silvanus, mzaliwa wa Usangi, uliyeletwa hapa Kibaha na kazi ya ofisini ukabaki kwa mapenzi yako. Baba yetu alipoondoka, Castory alikuwa darasa la pili na mimi nilikuwa bado nabebwa. Ndugu walikushauri urudi nyumbani ukalelewe pamoja na watoto wako. Wewe ukauza makochi na kabati la vyombo, ukanunua pikipiki. Bibi Margareth, mama yako, akiisimulia habari hiyo mpaka leo anashika kichwa.

Pikipiki ile ndiyo iliyokufikisha Marui, kule Kisarawe, msimu wa korosho. Uliyakuta mabibo yamelala chini ya mikorosho, mekundu na ya njano, korosho zimeshatolewa na tunda limeachwa lioze. Watu wengine wangeona inzi. Wewe uliona mvinyo. Nani alikufundisha? Hatujui. Ulijaribu ukakosea, ukamwaga, ukajaribu tena, mpaka ukagundua kwamba maji mazito ya mchele yanaondoa ule ukakasi wa mabibo unaokaba koo. Siku ulipopata chupa ya kwanza iliyo safi uliiinua kwenye mwanga wa dirisha, ukacheka peke yako jikoni.

Tulikustaajabia, Mama, hata pale tulipokuwa tunakuogopa. Mara moja mvua za vuli zilijaza kijito njiani kwenda Marui. Ulituacha ukingoni, ukaingia majini peke yako, ukavuka, ukarudi umelowa chapachapa. "Kananifika hapa tu," ukasema, ukaonyesha kifua. Castory, ambaye kimo chake kilikuwa kiunoni mwako, akaangua kilio. Tuligeuza tukarudi nyumbani, lakini tulijua kabisa kwamba ungekuwa peke yako ungeendelea na safari.

Ulipofikisha miaka arobaini na mbili ndipo ulipojifunza kuogelea, tena kwa sababu moja tu. Ulikuwa umesikia kwamba Mafia kuna papa potwe, samaki mkubwa kama basi, na watu wanaogelea naye. Ulirudi ngozi imebabuka kwa jua. Tulipokuuliza yukoje, ulisema, "Ana madoa kama kanga, na jicho la mtu asiye na haraka." Kisha ukaenda kuchuja mvinyo. Na treni ya umeme ilipoanza kusimama hapa Soga, uliipanda mpaka Dodoma na kurudi, ili tu ukaone zabibu za wenzako zina nini cha kuringia.

Lakini safari yako tunayoipenda kuliko zote ni ya kwenda kwa Bi Biasha.

Shamba la kwanza uliloingia kule Marui lilikuwa lake na mumewe, Mzee Mfaume. Hukuwaficha kitu. Baada ya shikamoo uliwaambia unatafuta mabibo ya kutengenezea mvinyo. Mzee Mfaume akasema, "Mwanangu, hicho kitu kwetu haramu. Siwezi kukuuzia." Ukamwambia umeelewa. Ukavua kofia ya pikipiki, ukaingia chini ya mikorosho, ukawasaidia kuokota korosho mpaka jioni kwa sababu ulikuwa umeshafika. Wiki iliyofuata ukarudi ukafanya vilevile. Mabibo uliyapata kwa watu wengine, ila rafiki ulimpata pale.

Kwa miaka yote iliyofuata Bi Biasha alikuja kwetu, akalala, mkacheka mpaka machozi, lakini chakula alikuja nacho kwenye kikapu chake. Ulizoea kumtania.

"Bi mkubwa, hata maji yangu?"

"Hata maji yako, mwanangu. Najua yalilala kwenye mapipa gani, na yalilala na nani."

Mlicheka nyote wawili. Sisi tuliokuzoea tulijua kwamba ilikuuma kidogo, maana ulipenda kila mtu aonje ulichotengeneza, na yule uliyempenda sana ndiye pekee asiyeweza.

Sasa, Mama, tuna habari ya kukupa, nayo ni ya lile pipa la bluu. Lilikuwa la mabibo ya Oktoba, la mwisho ulilolitia mkono, na ulisema ni la sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nikiolewa, kila mgeni apate glasi. Ulikuwa umelifunga vizuri, na mrija unatoka kwenye kifuniko kuingia kwenye chupa ya maji, unatoa mapovu. Siku za msiba watu walikuwa wengi, vitu vikasogezwa kupisha magodoro, mrija ukachomoka, hewa ikaingia. Hakuna aliyejua kwamba ule mrija ndio uhai wa pipa. Aliyejua ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Baada ya arobaini Castory akafungua kifuniko, na harufu ya siki ikatupiga puani. Castory alikaa sakafuni, mwanamume mzima na ndevu zake, akalia kuliko alivyolia makaburini. Nami nililia. Kitu pekee cha mkono wako kilichokuwa kimebaki ndani ya nyumba kilikuwa hicho, na kilikuwa kimeharibika. Tulilisukuma pipa uani ili tukalimwage, Bi Biasha akatukuta.

"Mnamwaga nini?"

"Mvinyo wa Mama, Bibi. Umekuwa siki."

"Mmetia kitu humo?"

"Hatujatia. Umegeuka wenyewe."

Akatuambia tungoje. Akampigia simu Ustadhi Twalibu wa kwao Marui, akamweleza, akamweleza tena, kisha akaweka spika ili nasi tusikie. "Kama umegeuka wenyewe, na ulevi haumo tena, basi hiyo ni siki, Bi Biasha. Siki ni halali."

Bi Biasha akachovya kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Hatukuwahi kumwona akionja kitu cha nyumba hii.

"Kali," akasema. "Lakini mkono upo. Kumbe mama yenu alikuwa na mkono namna hii!" Kisha akajifunika uso kwa ushungi, akalia.

Sendofu yangu ilikuwa Juni. Turubai lilijaa: watu wa Usangi, watu wa kanisani, wenzako wa ofisini, na nusu nzima ya wageni walikuwa watu wa Marui na kanzu zao na mabaibui yao. Bi Biasha alileta ndoo za achari ya embe aliyoitengeneza kwa siki yako, na kila sinia la pilau likawekewa. Mzee Mfaume aliongeza mara tatu. Mshereheshaji alipouliza nani kapika kitu hiki, Bi Biasha aliinuka, akaomba kipaza sauti. "Embe zangu," akasema, "siki ya Mama Castory." Vigelegele vilisikika mpaka stesheni.

Msimu huu Castory ameanza mapipa yake mwenyewe. Mirija ameifunga kwa waya.

Tumelifikiria sana jambo lile, Mama. Pipa lingebaki salama, nusu ya meza zisingeligusa, na wewe ungepita katikati ya wageni ukijifanya hujali. Siku ile hakuna mtu hata mmoja aliyeondoka bila kula cha mkono wako.

Unakumbukwa na mama yako Bibi Margareth, wanao Castory na Stellamaris, mkweo Godlisten, ndugu wote wa Usangi na Kibaha, pamoja na Bi Biasha na Mzee Mfaume wa Marui, ambao wametutuma tuandike kwamba nao ni wa familia.

Tutakukumbuka daima, Mama, kila mabibo yanapoanza kuanguka.