Mtutu Uliovimba Siku ya Kumaliza Kilio Chako

Baba Ngoie,

Mume wangu, jana tulimaliza kilio chako, na kabla wengine hawajakuelezea vibaya huko uliko, nakuandikia mwenyewe. Bunduki haikupigwa. Mimi ndiye niliyekataa. Ngoja kwanza nikueleze, usianze kukohoa kile kikohozi chako cha kunikatiza.

Misa ilikuwa nzuri. Bukari ilitosha, samaki wa Kinkondja walitosha, hata wake wa wanajeshi wa kambini walikuja na masufuria yao bila kuombwa. Wawindaji wenzako walifika wote, mdogo wako Deo mbele yao, amebeba bunduki ya kalibre 12. Walichanga wakainunua kule Kabongo, imeshatumika, kwa ajili yako tu, mwindaji asiagwe bila mlio. Mtutu wake ulikuwa umepakwa rangi mpya nyeusi, unang'aa kama kiatu cha Jumapili. Unanijua. Kitu cha zamani kikipakwa rangi mpya, mimi nataka kujua kuna nini chini yake.

Nikasema niitazame kwanza. Deo akacheka. Kamina nzima ilijua kwamba wewe ndiye fundi wa bunduki. Wachache walijua kwamba moto wa karakana ulikuwa umekuharibia macho, na kwamba mwishoni aliyechungulia ndani ya mitutu ni mimi. Ulikuwa unanisimamisha dirishani: "Mama Ngoie, weye uko naona nini?" Nami nakuambia: miduara ya mwanga, mmoja ndani ya mwingine, mpaka mwisho. Nikiona kivuli, nakuonyesha mahali pake kwa nje, na kidole gumba chako kinapapasa pale pale mpaka unatikisa kichwa. Mwanaume gani mwingine angemwamini mkewe hivyo mbele ya wateja, bila aibu hata kidogo? Nilikupenda kwa mambo mengi, lakini kwa hilo nilikuheshimu.

Safari hii kidole chako hakikuwepo. Nikaifungua, nikahakikisha haina risasi, nikaelekeza mtutu dirishani. Miduara ilikuja vizuri, kisha karibu na mdomo ikavunjika: pete nyeusi imezunguka pande zote. Nikasukuma kitambaa kwa kijiti kama ulivyonifundisha. Kikabana, kikabana, halafu pale pale kikalegea. Mtutu ulikuwa umevimba. Nadhani mwenyewe wa kwanza aliuziba kwa gunzi la mahindi ili nyigu wasijenge ndani, kama wanavyofanya wengi huku, akasahau kulitoa, akapiga. Kisha mtu akasugua uvimbe kwa tupa na kupaka rangi juu yake. Nikakusikia kabisa: "Ile ilibonyea, natengeneza. Ile ilivimba, hata unipe mbuzi, hapana."

Nilipowaambia kwamba utampasukia mpigaji mkononi, Deo aliwaka. "Yaya wetu ataenda bule, sawa muntu hana na bantu?" Maneno hayo, kwamba kaka yake ataagwa kama mtu asiye na watu, yalinichoma, maana na mimi niliutaka mlio huo. Niliutaka kuliko wote! Na umeniachia nani wa kumuuliza? Nikaanza kufikiri labda ni kivuli tu, labda macho yangu nayo yamechoka. Watu walikuwa wananitazama mimi, wanamtazama Deo, chakula kinapoa. Basi nikaufumbata mtutu kwa mkono wangu, hapo hapo penye uvimbe, nikamwambia shemeji: tia risasi upige sasa, mimi nimeushika.

Hakupiga. Aliniondolea bunduki mkononi taratibu. Ni yeye aliyeubana ule mtutu kwenye meno ya etau yako, ile jiliwa ya mezani, na kuukata kwa msumeno, asije mtu mwingine akauziwa. Chuma kilipoachana tukaona: upande mmoja mwembamba kama ganda la yai, na ufa ndani yake. Deo aliketi chini vumbini na suruali yake ya misa, anajitazama vidole. Baadaye akaniita yaya, kama alivyokuwa anakuita wewe, kaka yake mkubwa. Hajawahi kuniita hivyo.

Ndivyo ulivyoagwa, bila mlio. Nilisikitika, sitakudanganya. Lakini jioni niliwasindikiza wenzako mpaka barabarani, na kila mmoja alinipa mkono wa kuaga, mkono mzima, vidole vyote. Hiyo ilikuwa kazi yako, Baba Ngoie, na jana uliifanya tena ukiwa kaburini.

Lala salama, mume wangu. Karakana sitaifunga. Watakaoleta bunduki nitazitazama dirishani, na penye hapana nitasema hapana, hata kwa anayelia. Mimi nitalia baadaye, nikishafunga mlango.

Ni minyi, mke wako,
Mama Ngoie