Dhahabu ya Siku Saba

Alhamisi. Joto tangu asubuhi, pazia la dirishani halijatikisika, na nina hasira ambazo hata maji ya mtungi hayajazipoza.

Nimetembea kutoka Amu (Lamu mjini) mpaka hapa nyumbani Wiyoni bila kuitikia salamu ya mtu. Kama ulinisalimia ukadhani nina kiburi, niwie radhi. Nilikuwa natoka kwa kadhi.

Nilikaa kwenye ndoa miezi kumi na mmoja. Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Bwana Taslimu (sababu utaiona), alihamia ghorofa aliyonijengea baba juu ya nyumba yake, kama wazee wa hapa wanavyowajengea binti zao. Hakununua hata balbu. Mimi nafanya kazi duka la dawa, na mshahara wangu ndio uliokuwa unga, samaki, mpaka vocha zake za simu. Aliponiambia niache kazi kwa kuwa wateja wanaume wananizoea, nilicheka. Aliponifuata dukani akanitukana mbele ya wateja hao hao, nilikwenda kuomba talaka, naye akarudi kwao.

Kwa kuwa mwenye kuomba ni mimi, inabidi tupatane juu ya khului, yaani nimrudishie mahari yake ndipo aniache. Sina ugomvi na sheria hiyo. Angekuwa amenipa mahari, ningemrudishia leo hii, na feni yake ya mezani juu yake, inayopiga kelele kama mwenyewe.

Hakunipa.

Mahari yetu ilikuwa seti ya dhahabu: mkufu, herini na bangili sita. Siku ya nikahi dhahabu haikuwepo. Baba yake alimnong'oneza baba yangu kwamba iko njiani kutoka Mombasa, kesho itafika. Msikiti umejaa, watu wanangoja halua na kahawa. Baba hakutaka kumwaibisha kijana wa watu, akataka kumsitiri. Akasema ameipokea. Ikaandikwa kwenye cheti: mahari imelipwa, taslimu. Baba akatia sahihi yake.

Dhahabu ilifika kweli. Siku ya kutolewa nje, nilipokalishwa mbele ya wanawake wa mji wanitazame, nilikuwa nimeivaa yote na simu zikapiga picha mpaka nikachoka kutabasamu. Nikakaa nayo siku saba za fungate. Siku ya nane mama mkwe alikuja na mkoba, akasema anaipeleka mahali salama. Nilivua mwenyewe, bangili moja moja, nikamshukuru. Mjinga mimi! Kila nilipoiulizia baadaye niliambiwa nina tamaa. Kumbe ilikuwa dhahabu ya wifi yangu, ya kuazimwa. Mwezi uliopita nimemwona nayo kwenye arusi, kajipamba, ananichekea.

Basi leo Bwana Taslimu, bila haya, ameweka cheti mezani kwa kadhi, na picha zangu pembeni.

"Imeandikwa taslimu, na hizi hapa picha," akasema. "Anirudishie seti yangu, nami nitamwacha leo leo."

Nilieleza yote, mpaka ule mkoba. Kadhi alinisikiliza, kisha akamgeukia baba kwa upole. "Bwana Shee, sahihi hii ni yako. Mahari haya uliyapokea?"

Baba alitazama viatu vyake.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Kadhi akaona hapati jibu, akatupa muda mpaka Jumatatu.

Tulipotoka, baba akaniambia, "Mwanangu, yambo hili tulimalize. N'tauza minazi ya Kipungani, tununue seti, tumpe ende zake."

Auze minazi yake amnunulie mtu dhahabu ambayo mtu huyo hakuitoa! Nilimwacha pale pale njiani nikatangulia. Tangu nizaliwe sijamfanyia baba kitendo kama hicho, na niliendelea kutembea.

Niseme ukweli, maana hapa ndipo pangu pa kusemea. Hasira yangu kwa Bwana Taslimu ni ndogo. Yule namjua. Hasira kubwa ni kwa baba. Yeye ndiye anayeitwa kila nikahi ya mtaa huu kuwa shahidi, kwa kuwa neno lake halina maswali. Akisema kwamba siku ya binti yake alikiri asichokipokea, watu watauliza na zile nyingine. Anaogopa hilo. Naelewa, na bado nina hasira. Alimsitiri mtoto wa watu, mimi akaniacha wazi.

Baada ya alasiri nikasikia kikohozi ngazini. Baba hajapanda huku juu tangu niolewe, kwa kuheshimu nyumba ya mkwewe. Aliingia akihema, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Sikumpa hata maji.

Nikamwambia, "Baba, ukiuza minazi, mimi nafuta maombi yangu. Nitabaki mke wake. Sitaki kuachwa kwa dhahabu ya uongo."

Nilidhani atanikaripia. Badala yake akaniambia nitwae karatasi na kalamu, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Andika," akasema. "Nalisema nimeipokea, na sikuiona kwa mato yangu."

Niliandika. Akataka nimsomee. Nikasoma mara mbili. Akaweka sahihi yake, ile ile ya kwenye cheti, polepole mno.

"Watu watanena," akasema.

"Na wanene," nikamjibu.

Nilitamani kumbusu mkono. Sikumbusu. Hasira haijaisha, na siwezi kujifanya imeisha kwa sababu ya karatasi moja. Alishuka ngazi akishika ukuta, nami nikasimama juu nikihesabu hatua zake mpaka akafika chini salama.

Jumatatu tutakwenda wote wawili. Yeye na karatasi yake mfukoni, mimi na shingo tupu, kama ilivyo tangu ile siku ya nane.