Kilomita Ulizonificha

Mdogo wangu Moza,

Ulinidanganya mara mbili tangu tujuane, na zote mbili ulinidanganya masafa. Mara ya kwanza nilikusamehe papo hapo, nikacheka mpaka nikashika mlango wa gari nisianguke. Ya pili nimekaa nayo miezi sita, na ndiyo inayonifanya nikuandikie barua hii ambayo hutaisoma. Nimeiacha wazi, bila bahasha. Wenzetu wa ofisini wakitaka waisome, maana na wao wamo.

Unanijua nilivyo. Mwaka wa ishirini na mbili huu niko chumba cha mafaili, na faili likikaa pasipo pahala pake chakula hakinishuki. Kwangu namba ni namba. Sasa mtu kama mimi ndiye uliyemchagua kumfanyia yale!

Ulipoletwa ofisi yetu ya Al Khuwair, hapa Muscat, kuwa mkuu wa kitengo chetu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, nilijitayarisha kukuchukia kabla sijakuona. Kuna maneno niliyasema siku hizo, nitayafikia. Nilidhani utaingia na kompyuta zako uniambie mafaili yangu ni takataka. Badala yake, wiki ya pili, ulisimama mlangoni kwangu na karatasi mkononi.

"Bi Zuwena, kuna mbio za maofisi. Kilomita kumi. Timu ya wanawake wanne, nnao watatu."

"Moza, mie nna sukari na nna magoti."

"Sukari ndo inataka mbio. Magoti tutayabembeleza."

Nikaja mazoezini na makubadhi. Hukunicheka. Uliniambia tu nisubiri, ukafungua buti ya gari ukatoa viatu vya kukimbilia vya saizi yangu. Sijui mpaka leo nani alikwambia saizi yangu, na namshuku mwenzetu Rayya.

Tulikuwa wewe, mimi, Rayya na Ibtisam wa dawati la mbele. Sharti la mbio zile lilikuwa moja: saa ya timu husimama anapoingia wa mwisho, na mmoja asipofika, wote wanne hawahesabiwi. Kwa hivyo jasho la watu watatu lilikuwa limening'inia kwenye magoti yangu. Siku ya kwanza nilifika kituo cha petroli, nikakaa ukingoni mwa barabara na kusema nipigieni simu mume wangu anichukue. Ulikaa na mimi chini pale pale, na nguo zako safi, mpaka pumzi ikanirudia. Tukarudi tunatembea.

Sisi ni watu wa kuwasha gari kwenda duka linaloonekana dirishani, nani kwetu angejua kilomita kwa miguu? Kwa hiyo kila Jumapili ulitangulia na gari lako jeupe kupima njia, ukarudi na namba. Kila wiki njia mpya. Simu zetu ulizifungia garini, ukasema zinatia uzito. Alasiri ikishapita na jua kulegea, tunatoka. "Leo tatu," unasema. Wiki nyingine, "Leo nne." Nami jioni naandika katika daftari langu dogo, tarehe huku, kilomita huku, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilishangaa tu kwamba kilomita nne za Muscat zinachosha namna ile.

Jumatano, siku mbili kabla ya mbio, nilikuletea barua ya kujitoa. Niliiandika kirasmi, yah: na kila kitu. Nilieleza kwamba masafa makubwa niliyowahi kukimbia ni sita na nusu, siku ya jana yake, na kwamba sitaki kuwaaibisha watu wazima mbele ya maofisi mengine. Uliisoma yote, ukaikunja, ukachukua funguo.

"Twende."

Ukanitia garini, ukairudisha namba ya kilomita kwenye sifuri mbele ya macho yangu. Ukaifuata njia tuliyoikimbia jana yake, kona kwa kona: kituo cha petroli, raundabauti, msikiti, ukingoni mwa bahari na kurudi. Tulipoingia tena kwenye maegesho ya ofisi ulizima gari.

"Hebu soma."

Nikavaa miwani. Nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. "Kumi nukta sita."

"Daftarini uliandika ngapi?"

"We Moza! Mwongo mkubwa we!"

"Wallahi nlitaka kukwambia, Bi Zuwena. Lakini ungejua ni kumi usingetoka hapa pakingi."

Rayya na Ibtisam walikuwa dirishani juu wanatuangalia, wanajishika mbavu. Walijua tangu mwanzo. Ofisi nzima ilijua, hata mpika chai.

Siku ya mbio walitangulia wao wawili. Wewe, ambaye ungeweza kufika na kurudi na kufika tena, ulibaki begani kwangu njia nzima. Kwenye mlima nilihisi moyo unataka kutoka nje. Nikakuuliza, "Imebaki ngapi?" Ukaniambia, "Unaniuliza mie?" Tukacheka sote na pumzi zikatupotea, tukapitwa na ofisi nzima ya vijana waliovaa fulana za manjano. Hatukushinda chochote. Tulikuwa wa tatu kutoka nyuma. Nilipovuka kamba ya mwisho ulinikumbatia ukalia, nami nikakwambia usinilowanishe, nimeshalowa.

Baadaye ndipo nilipoanza kuona kwamba kila kitu ulikifanya hivyo. Mafaili ya miaka yote ulitaka yaingie kwenye kompyuta, na uliniambia, "Rafu hii moja tu, Bi Zuwena." Halafu rafu nyingine moja tu. Ilipofika Idi chumba kilikuwa kimekwisha, na aliyekijua chote, namba kwa namba, alikuwa mimi, si kompyuta. Nimefanya kazi chini ya wakubwa sita. Wanaojua kuamrisha ni wengi. Wewe ndiye peke yako uliyeniona mkubwa kuliko nilivyojiona, ukanificha masafa mpaka nikafika.

Halafu ukaugua. Ukasema damu imepungua, ukasema daktari amekupa dawa za miezi kadhaa. Kila alasiri nilikuja kwenu Ansab na chupa ya kahawa. Unakaa na mto mgongoni, unanihoji tumekimbia vipi, Rayya bado anakwenda mbio mwanzo na kukwama mwisho? Ulikuwa ukipanga timu ya mwaka ujao. "Tuna muda mwingi, Bi Zuwena, inshallah." Nami nikaamini. Wiki saba tu, Moza.

Siku ya tatu ya matanga mama yako alikuja kukaa pembeni yangu. "Alijua tangu siku ya mwanzo," akanambia. "Madaktari walimwambia zimebaki wiki chache tu. Akanikataza nisimwambie mtu, na wewe hasa."

Nilikasirika kuliko nilivyolia. Kwetu watu hutakana radhi kabla ya kuagana, na mimi nilikuwa na radhi ya kukuomba. Kabla hujafika ofisini nilizunguka madawati yote nikisema umebebwa, kwamba ni ukoo wenu uliokuweka pale, huna ulijualo. Nilisema mbele ya watu ambao baadaye walikupenda. Kila alasiri Ansab nilikuwa nayo ulimini, na kila alasiri nikaiahirisha, kwa sababu nani aliyeniambia tuna muda mwingi? Niliona umeninyima kitu ambacho sitakipata tena. Miezi sita sikugusa viatu vile.

Mwezi huu wameniingiza tena. Nafasi yako ya nne amepewa Shamsa, msichana mgeni wa ofisi, mnene kidogo, mwenye woga, mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Gari la kupimia sasa ni langu. Jana alisimama pale maegeshoni, taulo shingoni, uso umemwiva hata kabla hatujaanza.

"Leo ngapi, Bi Zuwena?"

Namba niliijua. Nilikuwa nimetoka kuisoma kwenye gari, na miwani yangu nimevaa.

"Tano tu, mwanangu."

Ilikuwa saba. Akakimbia zote saba, na nusu ya njia ananihadithia mtoto wake anavyotembea kwa kushika kuta, na tunacheka, na hakuna aliyekuwa akihesabu. Nilikuwa karibu na msikiti ule nilipokumbuka kahawa ya Ansab. Laiti ungeniambia, ningekuja kila siku na macho mekundu na kalenda kichwani. Ningekuomba radhi siku ya kwanza, halafu siku zote zilizobaki ningekuangalia kama mtu anayeangalia saa. Tusingemsema Rayya. Usingepata kucheka vile mpaka mto ukaanguka.

Sitakudanganya, kuna siku bado ningependa kujua. Lakini nakusamehe hii ya pili pia. Na ile radhi nakuomba sasa, mbele ya madawati yale yale niliyoyazunguka: nilikusema vibaya, nilikuwa na wivu, na hakuna aliyekuweka pale ila kazi yako. Niwie radhi, Moza. Daftari langu sikulisahihisha. Zile namba zako za uongo zimo vile vile, na mwandiko wangu mzuri.

Mungu akulaze pema. Mimi bado nakimbia, na ngapi zimebaki siulizi mtu. Nikifika uliko ndipo nitakuuliza zilikuwa ngapi, na siku hiyo, mdogo wangu, niambie kweli.

Ni mimi, dada yako wa chumba cha mafaili, yule wa mwisho aliyefika.