Baba Yako Hajatutoka

Kwa Fundi Festus,
Kibomet,
S.L.P. 1187,
Kitale.

17 Mei 2005

Mpendwa ndugu yangu Makokha,

Ningekuwa bado na adabu zangu ningeanza na salamu. Leo salamu zitangoja kidogo. Baba yako yuko hai. Hajafa. Naandika kwa maneno mafupi ya sokoni ili usije ukayafasiri vingine: Mzee Wekoye yuko hai, anakula, anatembea, na juzi aligombana na mama juu ya chumvi kwa mboga. Soma hapo tena halafu ukae chini. Kama ulinyoa nywele za msiba, zitaota.

Sasa salamu. Hujambo ndugu yangu? Shemeji Chepngeno naye hajambo? Na hizo mvua za Rumbek huko ng'ambo ya mpaka, zimeshawafungia barabara ama bado? Sisi huku Kibomet tuko wazima wa mwili. Jentrix wangu na watoto wanakula na kulala. Mimi pia ni mzima, ila uso sina. Siku hizi napita nyuma ya nyumba za watu kwenda dukani, na cherehani naikanyaga nikiwa nimefunga nusu ya mlango.

Nitakueleza yote, maana ni mimi niliyeyaleta. Usimtafute mwingine wa kulaumu.

Unanijua mimi na redio. Tangu uende nimezidi. Ile yangu ya mawimbi mafupi inakaa juu ya meza ya cherehani, na waya wa antena nimeutoa dirishani nikaufunga kwa mparachichi wa jirani. Nikigeuza kidude polepole nawapata wa Ulaya, nawapata Wachina, nawapata hata wale wa Tehran, wote wakisoma habari kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Kiswahili changu cha Kabuchai nikawa nakiosha hapo. Mteja akija kuuliza kama suruali yake imeisha, namwambia vazi lake limekamilika. Levi, yule jirani wa bodaboda, akaanza kuniita Profesa. Alikuwa ananicheka, lakini mimi jina lilinikaa vizuri.

Mwisho wa mwezi uliopita Mzee alilala kwangu, akiwa safarini kwenda Suam kwa dada yako Nabwile. Hapa usome polepole. Najua ni nini kilikutoa nyumbani. Siku ile ulipomleta Chepngeno, Mzee aliukataa ugali wake mbele ya wageni, akasema yeye hali chakula cha watu wa mlimani, na wewe ukamshika mwenzako mkono mkaenda zenu. Tangu hapo barua zako ni za mama peke yake. Halafu Nabwile naye akaolewa na Kibiwott, mtu wa mlima ule ule, na Mzee hakuwahi kukanyaga kwao. Sasa alikuwa anaenda. Hakuna aliyemsukuma. Alisema ni kupumzika tu, eti kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini alikuwa amenyoa ndevu na kubeba jogoo. Mtu habebi jogoo kwenda kupumzisha kifua. Nilijua anaenda kula kwao.

Nilifurahi, Makokha. Nilitaka ujue siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kipindi cha salamu cha Jumamosi jioni ndicho hamkosi huko misheni mnakofanya kazi. Basi Mzee alipopanda gari asubuhi ile ya Jumamosi, nilirudi nyumbani nikatunga ujumbe na kuutuma redioni kwa simu. Nauandika hapa vile ulivyokuwa, maana nilikuwa nimeuhifadhi kwa kujivunia:

"Mzee wetu Wekoye wa Kabuchai ametutoka leo alfajiri kwa amani. Tunamtakia safari njema na mapumziko mema huko aendako. Makokha wa Rumbek, moyo wake ulilegea mwishowe. Ni mimi Festus, Kibomet, Kitale."

Ndugu yangu, kwangu mimi "ametutoka" ilikuwa tu ametoka kwetu, lakini kwa ufupi na utamu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi kwa taarifa ya habari, likitamkwa kwa heshima, na kila mara ni juu ya watu wakubwa wakubwa. Nikadhani ndivyo watu wakubwa wanavyosafiri.

Jioni nikawasha redio. Unamkumbuka Gachanja, yule fundi wa kuchomelea aliye mkabala na mimi? Alikuwa na geti la kanisa la kumaliza, na kila akigusisha chuma chake, redio yangu inakwaruza tu. Katikati ya makelele nikasikia "Festus, Kibomet, Kitale," halafu tena chrrr. Hilo lilinitosha. Nikamwita Jentrix aache sufuria aje, jina letu limefika ng'ambo na limerudi. Tukanywa chai tukiwa watu wenye furaha.

Chai haijapoa, Levi akafika. Akaegesha baiskeli, akavua kofia, akasema, "Pore sana, Profesa." Nikamwambia, "Levi, neno ni pole, si pore." Akajaribu tena, akalipata. Nikamsifu. Ndipo nikamuuliza hiyo pole ni ya nini. "Ya Mzee, bana," akasema. "Si umemtangaza saa hii? Mama wa redio mwenyewe amewapa rambirambi."

Nimekuandikia hiyo ya Levi kwa sababu ni lazima ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mtu amekuja kunipa pole, na mimi namsahihisha matamshi. Jentrix alinitazama kisha akaingia ndani, na mpaka leo hajanitajia jambo hilo.

Hakukuwa na wa kupigia simu. Mama hana simu, na huko Suam kwa kina Nabwile simu zetu hazishiki. Kulipopambazuka nilikwenda nyumbani Kabuchai. Nilisikia kilio kabla sijafika kwenye miwa; jirani mwenye redio alikuwa ameshawapasha. Kiti cha Mzee kilikuwa kimetolewa nje na kufunikwa koti lake. Mama alinishika shati, akaniuliza Mzee alianguka wapi, ndani ya gari ama huko Suam, na kama alisema neno lolote. Nikamwambia hajafa. Nikamwambia ni lugha tu. Akaniuliza, "Lugha gani hiyo inaua mtu?" Wale wanawake wengine wakaniona nimerukwa na akili kwa majonzi, wakaniletea maji.

Walikuja kuniamini Mzee mwenyewe alipotokea kwa njia ya miwa na mkoba wake, jua likiwa utosini. Huko Suam alikuwa amejisikia akitangazwa redioni. Kibiwott ndiye aliyeongeza sauti ya redio ili mkwewe afurahie salamu za kwao. Mzee alikuwa na tonge mkononi, tonge la ugali uliosongwa na mama Cheptoo, mamake Kibiwott. Nabwile anasema alisikiliza mpaka mwisho, akalimeza tonge lake, akasema, "Ati nimekufa. Basi niongezeeni mboga." Lakini usiku hakulala, na alfajiri akataka arudishwe kwa mke wake.

Mama alimpiga na leso, mara moja tu, kisha akaketi chini akalia kuliko alivyokuwa analia mwanzoni. Mzee hakunigombeza. Alitoa koti lake kwa kile kiti, akalivaa, akakaa. Wazee wa ukoo walitaka kondoo achinjwe ili kilio kile kitolewe kwa boma, kikatolewa. Mimi nikawa siitwi tena kwa jina. Mzee akiwa na haja na mimi anasema, "Muiteni huyo wa redio." Amenilea tangu baba yangu afe, Makokha, na sikuwahi kusikia akiniita hivyo.

Sasa nafika pale mkono unapokuwa mzito.

Nilituma ujumbe mwingine redioni kusahihisha, na Jumamosi iliyofuata Mzee akaamuru redio yangu ipelekwe Kabuchai. Alitaka asikie kwa masikio yake akifufuliwa mahali pale pale alipouawa. Tulikaa sebuleni, yeye, mama, Nabwile aliyekuwa amekuja na Kibiwott, na mimi karibu na mlango. Siku hiyo mawimbi yalikuwa safi kama mtu anaongea chumba cha pili. Yule mama mtangazaji akasema, kabla ya mengine, ana ujumbe uliofika kwa barua pepe ya misheni kutoka Rumbek.

Alisoma maneno yako yote. "Baba, ni mimi Makokha. Miaka yote nilikuwa nangoja wewe uanze. Sasa hakuna wa kuanza. Chepngeno naye amekulilia. Redio naizima mpaka matanga yaishe. Kwaheri, baba."

Mzee aliangalia ile redio kama anangoja iendelee. Kisha akainuka, akaibeba na waya wake ukiburuzwa, akarudi kukaa nayo mapajani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu huku wananisema kwa kumuua mzee, na ni haki yao, lakini mimi aibu yangu kubwa si hiyo. Maneno yale uliyapeleka kwa mtu aliyekufa. Ungejua yuko hai labda usingeyasema kamwe, na hiyo ilikuwa haki yako mwenyewe. Mimi ndiye niliyeyatoa ndani yako kwa uongo nisioujua, nikayamwaga katikati ya sebule nikiwa nimesimama pale. Nisamehe, ndugu yangu. Kama huwezi sasa, basi polepole.

Baada ya hapo ujumbe wangu ukasomwa. Yule mama akaomba radhi ambayo haikuwa yake, kisha akaeleza kwa upole, ili wasikilizaji wote wafaidike, kwamba aliyesafiri ameondoka na aliyefariki ndiye aliyetutoka. Afrika Mashariki yote na sehemu za Kongo wamejifunza Kiswahili mgongoni mwangu. Gachanja akinipita ananiuliza, "Fundi, unatutoka saa ngapi?" Nacheka naye, nifanye nini.

Lakini wewe ulikuwa umeizima redio, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye msiba, kwa hiyo hukusikia. Anwani ya hiyo barua pepe ya misheni hatuna. Ndiyo sababu barua hii inabebwa na Kipkemboi, dereva wa lori la kwenda Lokichoggio, na ameapa ataiweka mkononi mwa rubani wa ndege ya misheni yenu. Juu ya bahasha nimeandika HAI kwa wino mwekundu, ili hata mwingine akiiona kabla yako akuambie.

Humu ndani kuna picha. Nilimpeleka Mzee studio mjini Kitale ili usiwe na shaka. Mpiga picha alitaka ashike redio, akakataa. Koti ni lile lile.

Habari nyingine ni ndogo. Mahindi ya Kibomet yamefika magotini. Miwa ya Kabuchai imekomaa, inangoja gari la kiwanda ambalo halionekani. Inasemwa pia hewani kwamba idhaa hizi za ng'ambo zitapunguza saa za mawimbi mafupi, ziwe zinasikika kupitia FM za Nairobi. Zamani ningeandika barua kali ya kupinga. Safari hii nimenyamaza, naona wamepata sababu. Redio yenyewe bado iko Kabuchai na sijaiomba. Mama anasema kila Jumamosi Mzee anaiwasha mapema na kukaa hapo, ingawa ulishasema umezima yako.

Mama anakusalimu sana, na anasema Chepngeno ajue kwamba kilio chake kilisikika. Nabwile na Kibiwott wanakusalimu. Jentrix na watoto pia, na Levi, ambaye sasa anasema "pole" vizuri kuliko mimi. Msalimie shemeji kwa jina langu, kama bado jina langu linaingia kwenu.

Baraka ya kufungia barua nilitaka kuitunga mwenyewe, kisha nikaogopa. Jana nilimwendea Mzee kwa kiti chake nikamuuliza niandike nini. Akaniita kwa jina. "Festus," akasema, "andika vile nasema, usiongeze. Mwambie Makokha mimi nimeanza. Na huyo mke wake aje anisongee ugali."

Nilimuuliza kama niweke na baraka. Akasema hiyo ndiyo.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,

Festus