Kitanzi cha Inas

Asyut, 3 Machi 2019

Binti yangu Inas,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na Marwan, na mumeo Talaat? Mimi figo zimechoka. Madaktari niliowafundisha siku hizi wananisemesha kwa upole, nami najua maana yake.

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipomzaa Marwan. Nilikupasua mwenyewe, ukatoka damu nikadhani nakuzika. Kondo la nyuma lilipotoka, kabla sijaushona mfuko wa uzazi, nilitia humo kitanzi cha kuzuia mimba. Wengine huwekewa siku ya arobaini, lakini Talaat alikuwa koridoni anacheka, "Mwakani tena, mzee!" na kovu lile lilihitaji miaka kadhaa. Sikukuuliza.

Nilikusudia kukuambia kwenye sherehe ya siku ya saba. Marehemu mama yako akawa anatwanga kinu kitupu karibu na sikio la mtoto, kama ilivyo desturi yetu, anapiga kelele, "Msikilize mama yako! Babu yako usimsikilize!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, siku ikapita.

Vitanzi vinavyotiwa saa ile ya kujifungua vingi huponyoka. Chako nacho kilitoka zamani. Nisamehe.

Baba yako


Kuwait, 21 Machi 2019

Baba,

Assalamu alaikum. Marwan hajambo. Mimi usiniulize.

Mama mkwe amemtafutia Talaat msichana wa kuoa mke wa pili huko Tanta. Jana kaniambia mbele ya wageni, "Binti wa daktari, na tumbo limefunga duka!" Wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Kila kiangazi nimelala kwenye kitanda cha zahanati yako, unanipima kwa mashine, unanipa vidonge vya kushika mimba, unasema, "Subira, mama." Nikaona aibu kwenda kwa mwingine wakati baba yangu ndiye bingwa. Kama kilitoka, mbona sikukiona? Kilitoka lini? Nijibu hilo tu.

Bintiyo


Asyut, 19 Mei 2019

Inas, mama yangu mdogo,

Wa alaikum salaam. Natumai u mzima. Nimechelewa; barua yako nimeilalia chini ya mto. Hapa hagongi mtu mlango isipokuwa mwuza mkate, naye huning'inizia mfuko kwenye kitasa akaondoka.

Mwanzoni nilingoja kovu lipone. Likapona. Ukaja na machozi yako, ukakaa nami wiki tatu, ukanipikia mchuzi wa mulukhiya, nyumbani kukasikika sauti ya mtu. Nikajiambia, "Nikisema, hatarudi tena." Mwaka uliofuata nikajiambia hivyo hivyo.

Bado una umri wa kuzaa. Nenda kwa daktari mwingine, leo, na umwambie akugeuzie kioo cha mashine uone mwenyewe. Mimi nilikuwa nakigeuzia ukutani.

Hakikutoka, Inas. Nimekiona kila kiangazi.

Baba yako